Usiseme Linki

Ujumbe wa Mama uliingia wakati mwanawe amesimama mbele ya ukumbi, akiwaambia wafanyakazi wenzake kwamba kiungo kibovu ni uongo, hata kama aliyekituma hakukusudia kumdanganya mtu.

Alikuwa mhariri wa tovuti ya ofisi ya maji ya mji, na siku ile ilikuwa yake. Walaghai walikuwa wamewatumia wateja anwani ya bandia, inayofanana na ya ofisi kama pacha isipokuwa kwa herufi moja. Watu wakaingia, wakajaza majina yao na namba zao za siri, na sasa hakuna mteja aliyeamini chochote kilichotoka ofisini, hata tangazo la kukatika kwa maji. Meneja akaagiza wafanyakazi wote wafundishwe. Mhariri hakuhitaji kubembelezwa. Alisimama na shati lililonyooka kwa pasi, akawafunulia jambo moja baada ya jingine. Msifupishe anwani, maana anwani iliyofupishwa ni mgeni aliyejifunika uso. Msitume kiungo kitupu, elezeni kinaelekea wapi na kimetoka kwa nani. Na kabla ya kukituma, kifungueni kwenye simu isiyo yenu, kwa sababu mlango unaokufungukia wewe mwenye ufunguo unaweza kumkatalia mwenzako. Watu waliandika. Hata dereva wa meneja aliandika.

Simu ikatetemeka juu ya meza. Akaitupia jicho.

"Mwanangu, viungo vyangu leo havifanyi kazi kabisa. Naomba unitazamie."

Akashusha pumzi. Nyuma yake picha ya somo ilikuwa bado inang'aa ukutani na ukumbi mzima ulikuwa ukimsubiri. Akachapa kwa kidole gumba, mbiombio: "Mama, niko kazini. Vijaribu mwenyewe kwanza, kimoja kimoja. Visipokubali, anza upya." Akaizima simu, kisha akawageukia wenzake na tabasamu la mtu aliyeletewa mfano bila kuutafuta.

"Mniwie radhi, ni mama yangu," alisema. "Viungo vyake vimekufa tena."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mhasibu aliyekaa mstari wa mbele alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho, na mhariri akaendelea na somo lake akiwa ameridhika sana.

Neno hilo, kiungo, lilikuwa lake. Ndugu zake wote walisema linki, na wangeendelea kusema linki mpaka siku ya kiyama wala lisingeharibika jambo. Lakini yeye alikuwa na ule ugonjwa wa watu waliosomea lugha: hakuweza kuona neno la kuazima likipita asilisimamishe kuliuliza limetoka wapi. "Msiseme linki," aliwaandikia kwenye kikundi cha familia. "Tunalo neno letu. Semeni kiungo." Mama mdogo akajibu kwamba kiungo anachokijua yeye ni cha kutia kwenye mchuzi. Mama naye akaandika kwamba anachokijua yeye ni cha goti, na siku hizi hakimpi usingizi. Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, na hakuna aliyeuliza habari za lile goti.

Hata hivyo Mama alilishika neno. Alikuwa mama wa namna hiyo: mtoto akileta kitu kipya nyumbani, hukitumia hata kama kinamkwama kooni, mradi mtoto ajue hakikutupwa. Wengine walirudia linki yao baada ya siku chache. Mama akabaki peke yake na kiungo, kama mwanafunzi pekee aliyefanya kazi aliyopewa.

Kikundini walikuwa wamembandika mhariri jina la Trafiki, maana hakuna kitu kilichopita asikisimamishe. Ukituma habari, anakuuliza chanzo. Ukituma zawadi za bure kutoka duka fulani, anakuumbua mbele ya shangazi na wajomba. Kusema kweli, mara nyingi haki ilikuwa yake, na labda hilo ndilo lililomponza, kwa kuwa mtu akizoea kuwa na haki masikio huanza kuziba. Aliyekamatwa kuliko wote alikuwa Mama. Viungo alivyotuma havikufunguka. Hiki kimepungukiwa herufi, hiki kina nafasi katikati, kile kimeishia njiani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. "Mama, hiki kibovu." "Mama, na hiki pia." "Mama, jamani, uwe unaangalia."

Siku moja kikafunguka kimoja. Lilikuwa tangazo la mafuta ya kuchua, eti yanaponya maumivu ya viungo yaliyoshindikana kwa madaktari. Chini yake Mama aliuliza kwa adabu: "Hawa wanaaminika, mwanangu?" Trafiki hakumjibu Mama, alikijibu kikundi. Alipiga picha ya tangazo, akaichora alama nyekundu, akaandika: "Mfano wa utapeli. Hatimaye Mama ametafuta dawa ya viungo vyake vibovu."

Kicheko kiliendelea siku nzima. Mama alituma kikatuni kinachocheka machozi, kisha akawa kimya. Na tangu hapo, kwenye ukoo ule, viungo vya Mama vikawa utani wa kila siku, wa kuongezea ladha mazungumzo yakipoa.

Siku ile ya mafunzo, Trafiki aliwasha simu yake baada ya chakula cha mchana. Haikupata hata nafasi ya kutulia. Dada yake mkubwa alikuwa anapiga.

"Mama kaanguka," dada alisema. "Jirani kamkuta jikoni. Tuko hospitali, wanasema ni nyonga."

"Aliteleza?"

"Wala. Tangu alfajiri viungo vimemkaza, hata kitandani katoka kwa kujikokota. Sijui nini kilimfanya ajaribu kusimama bila mtu wa kumshika."

Neno lile likamwingia sikioni kwa maana yake ya kwanza, ile waliyoijua watu kabla hakujawa na simu wala tovuti, na likakaa huko. Alisimama ushorobani na kikombe cha chai mkononi. Mhasibu akapita, akamgusa bega. "Vipi, Mama amefufua viungo vyake?" Naye, badala ya kusema lolote la kweli, alisema, "Bado," akatabasamu. Lile tabasamu lilimkaa usoni njia nzima ya kwenda hospitali, hakujua namna ya kulivua.

Alipofika, Mama alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Dada alikuwa kwa daktari. Jirani, fundi cherehani anayepakana ukuta na Mama, alimkabidhi mfuko wenye viatu, shuka na simu, akaenda kutafuta maji ya kunywa. Trafiki akabaki peke yake kwenye benchi. Namba ya kufungulia simu ile aliijua, ni yeye aliyeiweka.

Ujumbe wake ulikuwapo, mfupi na mkavu. Chini yake kulikuwa na maneno mengine ambayo hakuwa ameyaona.

"Sawa mwanangu. Nimevijaribu vya mikono, vimekubali kidogo."

"Sasa najaribu vya miguu."

Haikuwa huzuni iliyomjia kwanza. Ingekuwa huzuni, pengine angejiheshimu kidogo. Iliyomjia ni aibu, akatazama huku na huku kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Akilini alimwona Mama ameketi kwenye kiti cha jikoni, anakunja vidole, anakunjua kiwiko, anatii. Mwanawe msomi amesema kimoja kimoja. Na kabla hajafikiri, Trafiki alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akaugusa ule ujumbe, akachagua kuufuta kwa wote. Kwenye simu ya Mama maneno yakatoweka, yakabaki mengine ya kijivu: ujumbe huu umefutwa. Ameshawafundisha watu wangapi kwamba anayefuta alichosema hapaswi kuaminiwa tena? Aliirudisha simu ya Mama ndani ya mfuko, chini kabisa, akaifunika kwa shuka.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake walikaa nje ya wodi, yeye na dada, wakingoja saa ya kuona wagonjwa, na jirani akaja na chupa ya chai kubwa ya kuwatosha watu wa harusi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na woga wa jana ulikuwa umemzidishia.

"Sijui jioni nitakaa na nani, wanangu," alisema akimimina. "Mimi na mama yenu tuna kazi yetu. Mimi naokota vitu kwenye simu, yeye anataka viwafikie nyinyi. Nikimtumia, hawezi kuvipitisha kwenu. Lazima akandamize kidole kwenye kioo akishikilie hapo, na kile kidole kinamchoma, hakitaki kabisa. Kudonoa anaweza. Basi mimi namsomea kwenye simu yangu herufi moja moja, yeye anadonoa kwenye yake kama kuku. Nikisema nukta, anaweka mkato. Nikisema mkwaju, ule mstari uliolala upande, ananiuliza huo mti umefikaje huko." Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja. "Tunamaliza, tumechoka, anatuma. Halafu mnamwambia hakifunguki. Anasema haya, kesho tutaangalia vizuri zaidi."

Hakuna mwingine aliyecheka. Trafiki aliangalia chai yake. Alikuwa anavikumbuka vile viungo kimoja baada ya kingine, vyenye nafasi katikati, vilivyokatika mwishoni, na katika kila kimoja sasa aliona kidole. Kumbe Mama alikuwa akiangalia sana.

Jirani alipoondoka, dada aliitoa simu ya Mama mkobani.

"Jana nilitaka kuwajibu watu wake," alisema. "Nikaona amekuandikia anajaribu miguu. Juu yake kuna ujumbe wako umefutwa. Nikamwambia shemeji yako, lazima alimwandikia atulie, amngoje. Mama naye kichwa kigumu."

Alisema hivyo bila hila. Alikuwa anamwamini, na imani yake ilikuwa imeshamtengenezea mdogo wake jibu zuri, safi, lisilo na shahidi wa kulipinga. Alichotakiwa kufanya ni kutikisa kichwa. Trafiki aliufungua mdomo, na ni kweli, jibu lile lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi.

"Nilimwambia avijaribu mwenyewe," alisema. "Kimoja kimoja. Nikamwambia visipokubali aanze upya."

Dada alimtazama kana kwamba amezungumza lugha ya kigeni.

"Nilidhani ni linki," akaongeza. Ilikuwa miaka mingi tangu alitamke neno lile kwa kinywa chake.

"Linki."

"Alisema viungo. Mimi nikadhani ni zile anazotuma."

Dada aliukunja na kuukunjua mkanda wa mkoba wake. Muuguzi alipita akisukuma kitoroli cha dawa, magurudumu yakilia. "Kwa hiyo hukumkatili akiwa mgonjwa," alisema mwishowe. "Ulikuwa unamkatili akiwa mzima."

"Ndiyo."

"Na ukafuta."

"Ndiyo, dada."

"Mimi pia nilicheka ile siku ya mafuta ya kuchua," dada alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka zaidi kuliko ilivyokasirika. "Sitaki kujifanya malaika. Lakini mama yetu amelala pale akiamini mwanawe alijua anaumwa, akamwambia ajipime. Na hajanung'unika kwa mtu. Nenda ukamwambie. Wala usimwambie ili upate kupumua wewe."

Mama alikuwa ameinuliwa mgongo kwa mito. Alionekana mdogo, kama vile kitanda kimempokonya kimo. Alipomwona, alifanya alichokuwa akifanya siku zote, akamuuliza kama amekula. Trafiki akasema amekula. Akavuta kiti, akaketi.

"Mama, ile asubuhi," alianza.

"Nilivijaribu kama ulivyosema," Mama alimdakiza, kwa sauti ya mtu anayejibu swali alilolitarajia. "Vidole vikakubali. Kiwiko kikakubali. Nikaja kwenye mguu wa kulia, nao ukaitika. Nikasema basi, mwanangu anajua. Huu wa kushoto ndio ulioniangusha."

"Sikujua, Mama."

"Hukujua nini?"

"Sikujua kama unaumwa. Nilifikiri unasema vile vya kwenye simu. Zile linki. Nilikuwa nakujibu kuhusu linki."

Alimtazama Mama akirudi nyuma taratibu kuyasoma upya maneno yale kichwani mwake, aliyotuma na aliyopokea, sasa kwa maana nyingine. Alijiandaa kwa machozi. Alijiandaa pia kwa kicheko, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa anakitamani, maana kicheko kingemaliza jambo. Lakini kilichotokea usoni mwa Mama hakukitegemea. Mama aliona haya. Macho yake yaliteremka mpaka kwenye shuka, na kwa nyuma ya kiganja kilichoshindwa kukunjuka akaanza kuilainisha sehemu ambayo haikuwa na mkunjo.

"Kumbe," alisema. "Basi kosa ni langu. Ulikwisha kutufundisha, mtu asitume bila kueleza ni cha nini. Mimi nikatuma kitupu."

"Si kosa lako."

"Ningeandika tu ni vya magoti."

"Mama, si kosa lako," alirudia. "Nilikucheka. Si kwenye kikundi tu. Ile asubuhi nilikuwa mbele ya watu wa ofisini, nikawaambia viungo vyako vimekufa, wakacheka. Halafu ujumbe wangu nikaufuta ili dada asiuone."

Mama aliendelea kuilainisha shuka.

"Walicheka sana?" aliuliza.

"Walicheka."

"Haya," Mama alisema.

Kitanda cha pili mgonjwa alikuwa akisimuliwa habari za nyumbani, nani kapaka rangi ukuta, nani kahama, na sauti zile za kawaida zilimuumiza Trafiki kama kwamba kuna watu waliopewa mambo mepesi ya kuongea na yeye hakupewa. Alitaka Mama amkaripie. Alikuwa tayari kupokea tusi lolote, hata la mbele ya watu. Mama hakuwa na tusi. Alikuwa anafikiri, na alipoinua macho swali lake halikuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa mtu anayetaka kuelekezwa.

"Sasa siku nyingine nikiumwa, niandikeje ili uelewe?"

"Usiandike, Mama. Nipigie."

"Nilikupigia kwanza," Mama alisema. "Ulikata."

Alikumbuka. Alikuwa hajaanza hata kuzungumza, watu wanavuta viti, simu ikaita mkononi, na kidole chake kikakandamiza kile kitufe chekundu bila macho kutazama ni jina la nani. Kilikuwa kidole kizima, kisichomuuma popote. Alitafuta neno la kumwambia Mama na katika maneno yote aliyokuwa akiyalinda na kuyasafisha miaka yote hakuliona hata moja la kumfaa.

Muuguzi akaja, akavuta pazia. "Wewe ndiye mwanawe? Vizuri. Njoo ushike hapa, chini ya goti, tumgeuze. Polepole. Huyu ni mvumilivu kupita kiasi, hasemi akiumia."

Trafiki alisimama, akapitisha mikono chini ya mguu. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na ulikuwa wa moto. Muuguzi akashika bega na kiuno, akampa ishara, wakaanza. Mama alifumba macho.

"Unaumia?" akamuuliza.

Mama akatikisa kichwa, kwamba haumii.

Trafiki aliutazama ule uso, midomo iliyobanwa, jasho jembamba juu ya nyusi. Akausimamisha mguu pale ulipokuwa, hewani, mikononi mwake.

"Anaumia," alimwambia muuguzi. "Tungoje kidogo."